Mashine ya Bei Nafuu na Kazi Inayobaki kwa Fundi

Katika vijiji vya Milima ya Pare, Kighare kikiwamo, karakana ya seremala mara nyingi ni banda la bati lililoegeshwa ukutani mwa nyumba. Benchi limetengenezwa kwa mbao zilizobaki, na misumeno ya mkono na randa zimetundikwa juu yake. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umesaidia kufikisha nguzo za umeme katika vijiji vingi ambavyo zamani vilizijua kwa kuzitazama tu barabarani Same na Mwanga. Umeme ukiingia bandani, kitu cha kwanza kinachotamaniwa na fundi kijana ni msumeno wa meza, na ule anaoumudu ni wa bei nafuu. Nimeishi karibu na kazi ya mbao muda wa kutosha kuona faida ya hamu hiyo na hasara yake, na funzo nililolipata ni hili: msumeno wa meza wa bei nafuu unauzwa kabla haujakamilika. Fedha inayotolewa dukani ni malipo ya awamu ya kwanza. Awamu zinazofuata hulipwa kwa kazi ya kuukamilisha, au kwa mbao zinazoharibika, au kwa vidole. Anayejua jambo hili anaweza kununua mashine nafuu na akafanya nayo kazi njema miaka mingi. Asiyejua afadhali aendelee na msumeno wa mkono kwa sasa.

Tuanze na maana ya mashine nafuu kwetu, maana ziko za namna tatu na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza ni ile ndogo inayotoka ng'ambo, ya kubebeka, yenye meza ya alumini, mota ya kasi inayozungusha bledi kwa gia bila mkanda, na kelele ya kusikika ng'ambo ya bonde. Ya pili inatengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea: fremu ya vyuma vya pembe, bamba la chuma juu yake, shafti inayokaa kwenye beringi mbili, mota pembeni na mkanda wa kuzungusha. Ya tatu ni msumeno wa umeme wa kushika mkononi uliogeuzwa juu chini na kufungwa chini ya meza ya mbao. Sababu za kuzipenda hizi tatu ni za msingi. Mashine kubwa ya chuma cha kusubu, kama zile za karakana za zamani za serikali na misheni, ina uzito wa mamia ya kilo. Kuipandisha mlimani ni shughuli, kuifunga ni shughuli nyingine, na nyingi zinataka umeme wa njia tatu ambao nyumba ya kawaida haina. Ile ndogo inapakiwa kwenye basi na jioni hiyo hiyo imefika. Kwa hiyo sitaanza kwa kumlaumu mtu anayechagua kilicho karibu na mfuko wake. Swali langu ni nini kilichopunguzwa mpaka bei ikashuka.

Mara nyingi kinachopunguzwa hakionekani kwa macho ya mnunuzi. Mota inasikika, bledi inang'aa, rangi ni mpya. Kilichokosekana ni unyoofu. Msumeno wa meza una siri moja inayobeba mengine yote: chuma cha mwongozo, kile ambacho mbao huteleza ubavuni mwake, lazima kiwe sambamba na bledi, na kibaki sambamba hata kikisukumwa. Meno ya mbele, upande anaosimama fundi, hushuka kuelekea mezani na kuikandamiza mbao. Meno ya nyuma hupanda. Mbao ikipita katikati kwa unyoofu, meno ya nyuma hayaigusi. Lakini mwongozo ukielekea ndani hata kwa milimita moja au mbili, mbao inabanwa kati yake na sehemu ya nyuma ya bledi. Meno yale yanayopanda yanaidaka, yanaiinua na kuirusha kuelekea tumboni mwa fundi. Mkono uliokuwa ukisukuma mbao unabaki hauna kitu cha kusukuma, na unaendelea mbele ulikokuwa ukielekea, yaani kwenye bledi. Ajali kubwa ya mashine hii inaanza hivyo, na chanzo chake ni milimita chache za chuma ambazo kiwanda au mchomeleaji hakuzijali kwa sababu zingeongeza gharama.

Hapo ndipo mbao zetu zinapoingia katika hesabu. Kitabu cha maelekezo kinachokuja na mashine kimeandikwa kwa mtu anayepasua mbao iliyokaushwa kiwandani, iliyonyooshwa upande mmoja na kupigwa randa uso mmoja. Fundi wa Upareni anapasua mgrevilea uliokatwa shambani katikati ya migomba na kahawa, au mkaratusi, au msindano, mara nyingi ukiwa bado na maji. Kwa kawaida gogo limepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo uleule uliouangusha mti, kwa hiyo ubao una unene tofauti mwanzo na mwisho, na ukingo wake unafuata mkono wa mpasuaji. Mkaratusi una sifa ya ziada inayojulikana na kila aliyewahi kuupasua: ndani ya shina kuna mkazo uliojengeka mti ulipokuwa ukikua, na ukiufungua kwa msumeno mkazo huo unaachiliwa. Nusu mbili zinaachana kama upinde, au zinajifunga na kuibana bledi. Mbao mbichi na mbao iliyopinda hufanya hivyo pia. Maana yake ni kwamba mashine dhaifu inakutana kwetu na mbao ngumu kuiongoza kuliko ile iliyofikiriwa na aliyeibuni. Kama kuna mahali ambapo msumeno wa meza unahitaji vifaa vyote vya kuzuia mbao isibane, ni kwenye mabanda yetu.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni kisu cha nyuma: kipande chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, karibu nayo sana, ndani ya njia iliyokwisha kukatwa. Unene wake unazidi kidogo ule wa bamba la bledi, lakini haufikii upana wa njia inayochongwa na meno. Kazi yake ni kuzuia nusu mbili za mbao zisijifunge na kugusa meno yanayopanda. Hakitumii umeme, hakina kitu cha kuharibika, na chuma chake ni kidogo mno. Hata hivyo ndicho kinachokosekana kabisa kwenye mashine nyingi za kuchomelea, na kwenye zile za ng'ambo ndicho kinachofunguliwa siku ya kwanza na kutupwa chini ya benchi pamoja na kifuniko cha bledi, kwa kuwa fundi alitaka kuchimba mfereji usiotoboa ubao na kikamzuia. Mashine ya kuchomelea ilikuwa pungufu tangu mwanzo. Ya ng'ambo ilikuja na kifaa chake, na mwenyewe akairudisha kwenye upungufu uleule.

Umeme nao una masharti yake. Mota ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 8. Mtu akivuta mita 50 za waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba kutoka nyumbani hadi bandani, anapoteza takribani volti 9 njiani mashine ikifanya kazi, na wakati wa kuwasha, mvuto wa umeme unapokuwa mkubwa mara kadhaa, anapoteza makumi ya volti. Ongeza saa za jioni ambapo kijiji kizima kimewasha na umeme ni mdogo. Mota inazunguka kwa unyonge, inapata joto, na waya wake unaungua. Lililo baya zaidi ni swichi. Umeme wetu hukatika na kurudi bila taarifa. Mashine yenye swichi ya kawaida, au ile inayowashwa kwa kuchomeka plagi, itaanza kuzunguka yenyewe umeme ukirudi, hata kama fundi ameinama kuondoa kipande kilichokwama. Swichi inayojiachia umeme ukikatika, ambayo haiwaki tena mpaka ibonyezwe, ni kifaa kidogo. Katika nchi ambayo umeme haukatiki ovyo inaweza kuonekana anasa. Kwetu ni ya lazima.

Wapo watakaosema hofu hii imezidi, kwamba fundi mzoefu anajua mashine yake. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Bledi ya inchi 10 ina mzingo wa karibu mita 0.8. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Ikiwa na meno 40, meno zaidi ya 3,300 yanapita mahali pamoja kila sekunde. Mwili wa binadamu huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kushtuka na kuanza kuvuta mkono. Katika muda huo meno zaidi ya 600 yamekwisha kupita. Uzoefu unamsaidia fundi kabla ya mbao kubana: anasoma nyuzi, anasikia mlio wa mota, anasimama pembeni. Mbao ikishabana, uzoefu hauna nafasi ya kuingia. Marekani, nchi yenye mashine hizi kwa wingi na yenye takwimu zake, tume ya usalama wa bidhaa za walaji ilikadiria kwamba mwaka 2015 peke yake watu zaidi ya 30,000 walitibiwa hospitalini baada ya kuguswa na bledi ya msumeno wa meza. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote.

Mwingine atasema: mashine ya bei kubwa nayo inakata vidole. Ni kweli, na ukweli huo unaiunga mkono hoja yangu. Suala la bei na usalama lilifika hata mahakamani Marekani: mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama huko Boston lilimpa fidia ya dola milioni 1.5 mfanyakazi aliyeumia mkono kwa msumeno wa meza ulionunuliwa kwa chini ya dola 200. Ubishani mkubwa wa kesi hiyo ulihusu teknolojia iliyobuniwa mwaka 1999 na Stephen Gass na kuingia sokoni kwa jina la SawStop katikati ya miaka ya 2000: bledi inabeba mkondo mdogo wa umeme, ngozi ikiigusa mkondo unabadilika, na kizuizi cha alumini kinarushwa kwenye meno na kuisimamisha chini ya milisekunde 5. Wenye viwanda walipinga isifanywe sharti la sheria, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa kwamba mashine nafuu zingetoweka sokoni. Kwa hiyo hata huko, mjadala wa bei na kidole haujawa mwepesi. Lakini kwetu jibu haliwezi kuwa kunakili tu. Teknolojia ile inaweza kudanganywa na mbao yenye maji mengi, na kila inapofyatuka kizuizi kinabadilishwa na bledi kwa kawaida inaharibika. Fundi anayepasua mgrevilea mbichi angelipia kengele za uongo. Bei kubwa, basi, haimwondolei fundi wa Kighare wajibu wa kuangalia mashine inavyolingana na mbao zake na umeme wake. Kisu cha nyuma, mwongozo mnyoofu, swichi sahihi na kifuniko ndivyo vinavyofanya kazi katika mazingira yetu, na vyote vinaweza kuwekwa kwenye mashine nafuu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa kijana mwenyewe: sina fedha, na kila siku ninayongoja ni oda ninayoikosa. Sitamjibu kwa kumwambia angoje awe tajiri. Nitamwambia atazame mahali fedha yake inapopotelea sasa. Chukua ubao wa inchi 8, sawa na milimita 203, unaopasuliwa vipande 5. Kuna mikato 4, na bledi inakula karibu milimita 3 kila mkato, yaani 12 kwa jumla. Hiyo hata mashine bora itaichukua. Lakini mwongozo ukicheza na shafti ikiyumba, kila mkato unaacha kingo mbili zilizochimbika, na kuzinyoosha kwa randa kunahitaji kama milimita 2 kila upande. Hizo ni milimita 16 zaidi. Kwa kila mbao 13 anazonunua, anatupa karibu moja nzima kwenye maranda, mbali na saa za kusukuma randa. Aliyefanya kazi ya vitanda na madirisha anajua kwamba faida ya oda nyingi haizidi mbao chache. Mashine iliyonyooshwa inarudisha faida hiyo mikononi mwake bila kupandisha bei kwa mteja.

Ndiyo maana mpangilio wa kununua una uzito kuliko chapa ya kununua. Msumeno wa meza haunyooshi ubao uliopinda. Unahitaji uso mmoja bapa ulale mezani na ukingo mmoja mnyoofu uteleze kwenye mwongozo. Fundi asiyekuwa na randa nzuri, kipimo cha pembe mraba cha kuaminika na kamba ya kunyooshea, akinunua msumeno wa meza atakuwa amenunua njia ya haraka ya kuzalisha vipande vilivyopinda. Aanze na hivyo. Wakati akikusanya fedha, mbao nyingi apeleke kupasulisha na kurandisha kwenye karakana zenye mashine kubwa mjini, alipie kwa futi, na aandike daftarini anacholipa pamoja na nauli. Daftari hilo likionyesha kwamba malipo ya miezi michache yanafikia bei ya mashine pamoja na kuikamilisha, wakati umefika. Lisipoonyesha hivyo, mashine itakaa bandani ikila vumbi huku deni likidaiwa. Wakati wa kukausha mbao nao uanze kabla ya wakati wa mashine: mbao zilizopangwa kivulini na kutenganishwa kwa fito ili hewa ipite zinaboresha kila kifaa kitakachozigusa, na kivuli hakina bei.

Siku ya kununua, macho yaache rangi na yaende kwenye vitu vichache. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, shika bledi uitikise kulia na kushoto. Ikicheza, beringi au shafti ni mbovu, na hakuna marekebisho mezani yatakayoiponya. Pima umbali kutoka jino moja hadi kwenye mwongozo upande wa mbele, zungusha bledi kwa mkono, upime jino lilelile upande wa nyuma. Vipimo vikitofautiana, uliza kama kuna skrubu za kurekebisha; kama mwongozo haufungi pande zote mbili, panga kutengeneza wako mwenyewe kwa mbao ngumu iliyokauka au chuma cha mraba. Kwa mashine ya mkanda, fanya hesabu ya puli. Mota ya mizunguko 2,850 yenye puli ya inchi 5 ikizungusha puli ya inchi 3 inatoa mizunguko 4,750, ambayo inafaa. Ukiweka puli ya inchi 2 ili ipate kasi zaidi, unafika 7,125, na huenda umevuka kikomo kilichoandikwa kwenye bledi yenyewe. Kisha tenga sehemu ya fedha kabla hujalipa: ya bledi nzuri yenye ncha za kabaidi, ya swichi, ya waya mnene, na ya mchomeleaji atakayetengeneza kisu cha nyuma. Kama fedha hiyo haipo, bei ya mashine haijatimia mfukoni.

Sheria haitamlipia fundi huyu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na wakala wake unakagua sehemu za kazi, lakini banda la nyuma ya nyumba halionekani kirahisi kutoka ofisini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, umewekwa kwa ajili ya walioajiriwa. Seremala aliyejiajiri akiumia, gari la kumshusha mlimani, matibabu ya Same au KCMC kule Moshi, na miezi ya kukaa bila kazi vinabebwa na familia. Vumbi nalo huumiza polepole. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995, na msumeno wa meza unalitoa kwa wingi kuliko chombo chochote cha mkono. Barakoa nzuri na banda lililo wazi pande mbili ni sehemu ya mashine kama ilivyo mota. Ninasema haya kwa sababu watu hufanya hesabu ya mashine kana kwamba mkono wa fundi na pafu lake ni vya bure. Kwa aliyejiajiri, mkono ndio mtaji, na hakuna duka linalouza mwingine.

Mtu anaweza kuuliza kama kukamilisha mashine si kazi ya kiwanda. Ingepaswa kuwa hivyo, na shirika letu la viwango lina haki ya kudai. Lakini Upareni pana sababu ya kuamini kwamba kazi hii inaweza kufanyika papa hapa. Historia ya Ugweno inawakumbuka Washana, ukoo wa wafua chuma ulioshika utawala kabla ya Wasuya kuuchukua, na chuma cha Wapare kilifika hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Aliyetengeneza jembe alikuwa jirani wa aliyelima nalo. Kasoro ilirudi kwake siku ya pili ikiwa mkononi mwa mtu anayemfahamu kwa jina. Mashine ya ng'ambo imevunja ukaribu huo, na ile ya kuchomelea imeurudisha. Ndiyo sababu, pamoja na ubaya wa nyingi kati yake, naipa heshima mashine ya mkanda. Mota yake ikiungua kuna fundi wa kusuka mota. Beringi zake zinapatikana madukani. Meza ikipinda inanyooshwa. Ile ndogo ya ng'ambo swichi yake ikifa au gia ikikatika, mara nyingi inaishia kuwa kinyago. Kama mchomeleaji na seremala wangekaa pamoja, wakakubaliana kwamba mashine haitoki karakanani bila kisu cha nyuma, kifuniko na mwongozo unaofungwa pande mbili, tungepata mashine nafuu iliyokamilika. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii, na VETA inafundisha uchomeleaji na useremala. Michoro ya vifaa hivi vitatu ingestahili kuwa mikononi mwa kila mwanafunzi anayemaliza fani hizo.

Ipo pia njia ya kununua kwa pamoja. Wanaoipinga husema cha wote hakina mwenyewe, na mashine ya kikundi hufa mapema kuliko ya mtu binafsi. Wapare wana ushahidi wa kinyume mbele ya macho yao. Ndiva, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya umwagiliaji kama yale ya Bangalala wilayani Same, yanatumiwa na watu wengi, na yanadumu kwa sababu zamu zinajulikana, kuna kamati inayogawa maji, na asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji anawajibishwa. Kilichohifadhi ndiva ni utaratibu. Maseremala watano au sita wakinunua mashine moja nzuri, wakaiweka chini ya mtu mmoja mwenye ufunguo, wakatoza kila mkato fedha kidogo ya bledi na beringi, na wakamnyima zamu anayefungua kifuniko, watakuwa wametumia sheria ambazo babu zao walizijua kwenye maji. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kufikia kikundi cha namna hiyo kwa urahisi kuliko kumfikia seremala mmoja mmoja.

Kwa hiyo simwambii kijana wa Kighare aikimbie mashine ya bei nafuu. Namwambia aikatae bei isiyo kamili. Aulize kilichopungua, akipime, na ajue ni nani atakayekitengeneza kabla fedha haijatoka mfukoni. Akishindwa kuvipata kisu cha nyuma, mwongozo mnyoofu, swichi inayojiachia na bledi nzuri, aendelee kupasulisha mjini na kukausha mbao zake, na hilo si aibu kwa fundi yeyote. Akivipata, mashine yake ya bei ndogo itakata kwa unyoofu unaokaribia ule wa mashine kubwa, na ataifanyia kazi akiwa na vidole vyake vyote kumi. Wauzaji, wachomeleaji na walimu wa ufundi wana wajibu wa kulifanya hilo liwe jambo la kawaida, lakini wa kwanza kuliamua ni mnunuzi, kwa sababu soko letu litaendelea kuleta kile tunachokubali kukilipia.